Namba Nane ya Kusomwa na Baba

Kaka yangu alipofikisha miaka hamsini na mbili aliamua kuwa dereva wa mashindano ya magari. Wenzake wa umri ule huwa wanaamua kwenda kupima sukari. Yeye alinunua kofia ngumu, akanunua ovaroli nyekundu iliyombana tumboni, akachukua gari lake dogo la bluu iliyokolea, akang'oa viti vya nyuma na kuvitupa stoo. Nasema haya bila chuki, au tuseme kwa chuki kidogo tu, kwa sababu mimi ndiye niliyemtengenezea namba za milangoni, na mpaka leo zikitajwa natafuta sababu ya kutoka nje.

Nina kibanda cha stika Moshi mjini, hatua chache kutoka sokoni. Nina mashine moja ya kukata, kompyuta ambayo kibodi yake imefutika nusu ya herufi, na marobota ya karatasi za kunata za kila rangi. Naandika majina ya shule kwenye mabasi, bei za nyama kwenye vioo vya mabucha, na tarehe kwenye misalaba ya makaburi. Miaka yote hii nimegundua kwamba kila mteja anataka maandishi yake yapendeze, na hakuna hata mmoja anayeuliza kama yatasomeka. Kuna fundi umeme mmoja alinilazimisha nimwandikie namba yake ya simu kwa mwandiko wa kadi za harusi, wenye mikia na vikunjo. Baada ya miezi mitatu alirudi kunilalamikia kwamba biashara ni mbaya, watu hawapigi. Nilimwambia wangepigaje na hawajui kama ile ni saba au ni mjusi.

Kwa hiyo kaka alipoingia kibandani kwangu na simu yake iliyojaa picha za magari ya Ulaya, nilijua wiki yangu imeharibika.

Lakini kabla ya namba, niseme habari za baba, maana bila yeye haya yote yangekuwa upuuzi wa mtu mzima na gari lake.

Baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kibosho kwa zaidi ya miaka thelathini. Alistaafu kazi, hakustaafu ualimu. Na baba hasimami. Maisha yake yote watoto ndio waliosimama yeye alipoingia, na hiyo tabia akaja nayo nyumbani. Anasimama kwa ajili ya padri, na zamani alikuwa anasimama kwa ajili ya mkaguzi wa shule, basi. Maharusi wanaletwa mbele yake akiwa amekaa. Mkuu wa wilaya aliwahi kupita kumsalimia, baba akampa mkono kutoka kitini.

Kaka aliacha chuo cha ualimu mwaka wa pili, akaenda kuwa utingo wa lori la kwenda Tarakea. Siwezi kueleza lile lilivyomwumiza baba, ila naweza kusema kwamba jina la chuo kile halikutajwa tena nyumbani kwetu. Leo kaka ana malori manne na duka la vipuri Himo. Ndiye aliyemjengea baba nyumba, ndiye aliyemwekea tangi la maji. Siku aliponunua lori la kwanza alilipandisha mpaka Kibosho, limefungwa maua, anapiga honi tangu njia panda. Kijiji kizima kilitoka. Baba alibaki kitini pake barazani, akasema apunguze kelele, kuna ng'ombe ametoka kuzaa.

Na wageni wakija, baba anatutambulisha kwa mpangilio wake. Huyu ni nesi, huyu ni mhasibu, huyu anabandika karatasi. Huyo wa karatasi ni mimi. Halafu anageukia upande wa kaka, sauti inashuka kama mtu anayetaja ugonjwa: na yule ni dereva.

Sasa kaka alikaa kwenye stuli kibandani kwangu, akaweka simu juu ya meza, akasema, "Njia ya mashindano inapita mlangoni kwa baba."

Nikamwambia inapita milangoni kwa watu wengi.

"Nataka asimame," akasema.

Nilitaka kumcheka. Mdomo nilishaufungua. Lakini alikuwa anaangalia mikono yake, mtu mzima na mvi zake, nikaona bora niulize amepewa namba gani.

Amepewa nane.

Nane ni namba ngumu, na watu hawaiheshimu. Ina matundu mawili. Ukiifanya nyembamba na kuilaza upande, mtu akiwa mbali yale matundu yanajiziba, anaona yai. Ukiipamba na kivuli, inageuka tatu. Kwa namba ya gari linalokimbia kwenye vumbi, unene wa mstari ni muhimu kuliko urefu, na rangi ni muhimu kuliko vyote viwili. Nyeusi juu ya weupe, iliyosimama wima, nene, na nafasi tupu pembeni ili jicho lipate pa kuanzia. Hayo nilimweleza kaka kwa upole kabisa, nikamchorea na penseli.

Akaniambia hiyo ni namba ya nyumba.

Alichotaka yeye ni nane ya dhahabu, imelala kama inakimbizwa na upepo, ina ndimi za moto nyekundu nyuma yake. Akanionyesha picha. Nikamwambia picha hiyo imepigwa gari limesimama, mpigapicha yuko hatua tatu, na mwenye gari amelipaka nta. Waandaaji walikuwa wamegawa karatasi ya masharti: namba ikae milango yote miwili, urefu usipungue kipimo walichoweka, na isomeke kwa urahisi. Kaka alikuwa amepigia mstari urefu. Hapo kwenye kusomeka nadhani alipita kwa mwendo wa mashindano.

Kisha wakaingia ndugu. Sisi Wachagga mtu akienda jambo lolote, iwe harusi, iwe msiba, iwe kuendesha gari kwa fujo, lazima achangiwe, na aliyechanga lazima aonekane. Kundi la ukoo kwenye simu liliwaka siku mbili nzima. Binamu yetu anayeuza chakula cha nguruwe alitoa matairi mawili, kwa hiyo anataka tangazo lake mlangoni, na picha ya nguruwe. Shangazi mwenye shule ya chekechea alitoa mafuta, anataka jina la shule na watoto wawili wameshikana mikono. Baba mdogo mwenye bucha alitoa mbuzi wa kuchinja baada ya mashindano, naye mbuzi wake akataka nafasi. Mama mmoja wa jumuiya, ambaye hakutoa chochote ila sala, aliomba namba izungushiwe rozari. Kaka alikuwa anajibu kila mmoja, "Hamna shida." Nilipopima mlango kwenye kompyuta, baada ya nguruwe, watoto na mbuzi kukaa, nafasi iliyobaki ya namba ilikuwa ya sahani ya kikombe cha chai.

Nikawaandikia kwenye kundi kwamba mlango wa gari sio ubao wa matangazo wa parokia. Shangazi alinuna. Nguruwe nikamhamishia kwenye bampa ya nyuma, na kwa kweli alipapenda.

Bado kaka aliing'ang'ania dhahabu yake. Ndipo nikapata wazo ambalo nililiona la akili sana, na nitalieleza kama nilivyolifanya, bila kujipendelea.

Nilitengeneza mbao tatu nyeupe, kila moja ina nane nyeusi: ndogo, ya kati, na kubwa. Ile kubwa mstari wake ulikuwa na upana wa kiganja changu. Jumapili baada ya misa tukapanda Kibosho, mimi na kaka. Tulimkuta baba amekaa, ameshika kitabu cha sala, anasoma. Anakisoma kitabu kile kila siku, midomo inacheza, kurasa anazigeuza kwa wakati wake. Sisi watoto huwa tunajisifia kwa watu kwamba baba yetu ana miaka themanini na minne na hajavaa miwani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mmekuja na mbao za nini?"

Nikamweleza kwamba mwanawe amepewa namba nane kwenye mashindano, na tunataka kujua ni nane ya ukubwa gani itakayoonekana vizuri kutoka hapa getini. Nilisisitiza kwamba tunapima namba, hatumpimi yeye. Ilibidi nisisitize, kwa sababu mwaka juzi nesi wetu aligusia habari ya mtoto wa jicho na baba akakataa kula chakula alichopika.

Tukamwekea kiti mahali atakapokaa siku yenyewe, nje ya geti, pembeni ya ua wa mimea ya masale unaotenga kihamba chetu, shamba letu la nyumbani, na barabara. Mimi nikashuka kidogo na barabara, mpaka kwenye migomba ya jirani, hatua thelathini hivi. Nikainua ubao mdogo.

"Hiyo ni karatasi," baba akasema.

Nikainua ya kati. Akasogeza kichwa. "Kuna kitu," akasema.

Nikainua kubwa.

"Nane," baba akasema, kwa ile sauti yake ya kusahihisha mitihani.

Nilirudi barabarani nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Kaka alikuwa amesimama nyuma ya kiti, ameelewa. "Weka hiyo," akaniambia. Hakutaja dhahabu. Nikainama kwa baba, nikamwambia siku ya mashindano asihangaike na magari mengine. Akiona gari lina weupe mkubwa mlangoni, na namba nyeusi katikati, huyo ndiye.

"Nitamwona," baba akasema. "Mimi si kipofu."

Mwalimu mwenyewe angenipa sifuri. Hakuna mwalimu duniani anayemwambia mwanafunzi jibu kisha anampa mtihani. Lakini siku ile sikuliona hilo. Nilikuwa nimeshinda mabishano na kaka yangu mkubwa, na hilo lilinitosha kabisa.

Jumatatu nilikata miraba miwili mikubwa ya weupe, nikaiviringisha vizuri, nikaiweka juu ya kabati na nane zake. Jumatano kaka akaja. Nilivyomwona anaingia nikajua. Alikuwa amepita Himo, kwa wale wenzake wanaoshinda wanapigana mabega na kuitana mabingwa, akawaeleza kuhusu nane yangu, wakamcheka. Walimwambia litafanana na gari la kufundishia udereva.

"Niwekee ile ya dhahabu," akasema.

"Baba hataiona."

"Ataiona. Si ulimsikia mwenyewe? Mtu anasoma kitabu cha sala bila miwani."

"Alisoma ile kubwa tu, kaka. Ndogo aliita karatasi."

"Ndogo ilikuwa ndogo. Hii ya dhahabu ni kubwa kama ile ile. Tena ina moto, moto unaonekana mbali."

Nilimwambia amezeeka vibaya. Nilimwambia anataka baba asimame na wakati huo huo anataka wahuni wa Himo wapige makofi, achague mmoja. Aliniambia mimi ni mtu wa kubandika karatasi, nibandike. Alisema kwa sauti ya baba, sijui kama alijua.

Nikamkatia. Na kwa hasira niliifanya vizuri mno, ile nane ya dhahabu, imelala, moto umepangwa rangi tatu, kingo safi kama wembe. Nikaibandika mwenyewe pande zote mbili, nikaipitishia kadi ya plastiki mpaka hakukuwa na kiputo hata kimoja. Nikamwambia, "Chukua, usije kunililia." Akapiga picha, akaituma kwenye kundi la ukoo. Shangazi akasema sasa ndiyo gari.

Ijumaa mchana akaja kibandani dereva mmoja wa Arusha, mpole, ana haraka. Namba yake ilikuwa imebanduka alipoosha gari kwa mashine ya maji, na ukaguzi ulikuwa jioni ile. Namba aliyopewa yeye ilikuwa tatu. Nikamuuliza anataka mtindo gani. Akasema, "Wowote, dada. Isomeke tu."

Miaka yote ya kazi hii nilikuwa namsubiri mteja huyo.

Robota la karatasi nyeupe lilikuwepo, ningeweza kumkatia miraba mipya kwa dakika tano. Sikufanya hivyo. Nilipanda stuli, nikashusha juu ya kabati ile miraba ya kaka, nikakata tatu mbili nyeusi zenye upana wa kiganja, nikambandikia. Nilifanya kwa makusudi. Nilitaka kaka asimame kwenye foleni ya kuanza, aone weupe wake kwenye mlango wa mtu mwingine, aone namba ya kiume inavyoonekana. Nilitaka imchome. Nilivyokuwa namwaza kaka, baba hakunijia akilini hata kidogo.

Jumamosi nilipanda Kibosho mapema. Baba alikuwa amevaa koti lake la suti na kofia ya pama, amenyolewa ndevu, ametangulia kitini nje ya geti. Pembeni yake alikaa jirani yetu, mzee wa rika lake, wana kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kati yao. Kando ya barabara kulikuwa na watu kutoka juu mpaka chini, na upande wetu wengi walikuwa wanafunzi wa zamani wa baba, wengine sasa ni mababu, wanamwamkia shikamoo mwalimu na kukaa kwenye nyasi.

Kiangazi kile vumbi la Kibosho lilikuwa kama unga. Magari yalikuwa yanaachiwa moja moja, kila baada ya dakika mbili. Likapita la kwanza, mngurumo na wingu. Baba hakujitikisa. Likapita la pili, jekundu, lina namba ya njano yenye mikia, sikuweza kuisoma hata mimi. "Bado," baba akasema.

Kisha kwenye kona ya juu, ndani ya lile vumbi, nikaona weupe.

Nitakuwa mkweli, kitu cha kwanza kilichonijia ni furaha. Nikasema moyoni, ona inavyoonekana. Ona. Mtu aliye kanisani angeisoma. Nikageuka kumtazama baba nimwambie chochote kile, na baba alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, anainuka.

Alisimama. Si kwa haraka, magoti yake hayamruhusu, lakini alisimama mpaka mwisho, akanyooka, akavua kofia akaiweka kifuani. Wanafunzi wake walipoona mwalimu amesimama, nao wakasimama, safu nzima, wazee kwa vijana, wakavua kofia. Dereva wa Arusha alikuta mstari wa watu wamemsimamia kama askofu. Akapiga honi, akatoa mkono dirishani, akapunga.

"Huyo ni mwanangu," baba akasema, kwa sauti ya darasani iliyofika mpaka ng'ambo ya barabara. "Dereva."

Nilikuwa nimesimama pembeni yake, mkono wangu karibu na kiwiko chake. Ningeweza kusema, baba, hiyo ni tatu. Maneno manne. Nilimtazama macho, na kwa mara ya kwanza nikaona nilichokuwa nakiona kila Jumapili bila kukitazama: ule ukungu wa rangi ya maji ya mchele kwenye mboni. Hakuwahi kusoma nane. Aliona weusi juu ya weupe, na nane nilimpa mimi mwenyewe mdomoni. Kitabu cha sala anakijua kwa kichwa. Na watu waliokuwa pale, waliomjua kaka kwa sura na gari lake kwa rangi, hakuna aliyefungua mdomo. Mwalimu akikosea ubaoni, nani atanyoosha kidole?

Nikanyamaza na mimi. Baba akakaa, ametulia, ameridhika, akavaa kofia, akamgeukia jirani na kuanza kumweleza habari za kaka alivyokuwa mtoto, alivyokuwa anatengeneza magari ya waya ambayo usukani wake uligeuka kweli. Sikuwahi kumsikia akisimulia hilo.

La nne likapita, la tano, la sita, la saba. Baba hakugeuka. Anakunywa mbege, anasimulia.

Halafu likaja la bluu. Nane ya dhahabu ilikuwa imeshiba vumbi, na ule moto wangu wa rangi tatu ulikuwa rangi moja, ya udongo. Kaka alipofika kwenye ua wa masale alipunguza mwendo. Katika mashindano, dakika zake zinahesabiwa, akapunguza mpaka gari likawa linatembea. Alifungua dirisha, kichwa na ile kofia ngumu kikatoka nje, anatazama. Aliuona mgongo wa baba. Baba alikuwa ameinamia kata, anamimina.

Baba alisikia tu injini inavyovuta polepole. Akasema bila kugeuka, "Na huyu naye? Mbona anaendesha kama amebeba bibi harusi?"

Jirani alicheka. Alicheka kwa adabu, akaniangalia, akaacha. Kaka aliingiza kichwa ndani, gari likaondoka.

Alimaliza wa pili kutoka mwisho. Wa mwisho alikuwa amevunja ekseli.

Alifika nyumbani saa kumi, ovaroli imebadilika rangi, macho mekundu. Ndugu walikuwa uani na mbuzi wa baba mdogo. Kaka hakusimama kwao. Aliingia moja kwa moja barazani, nami nikamfuata, kwa sababu niliogopa atasema kitu na niliona ni haki yake kukisema.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Baba alinyoosha mkono, akaupapasa hewani kidogo mpaka ukakuta bega la kaka. "Nilikuona," akasema. "Nilisimama."

Kaka alinitazama. Mimi nikatazama sakafu. Kwenye sakafu ile kuna ufa unaoanzia mlangoni mpaka chini ya kabati, naujua wote.

Sijui alitumia muda gani kuelewa. Pengine aliukumbuka ule weupe pale kwenye foleni ya kuanza. Pengine aliukumbuka ule mkono uliopapasa. Kaka yangu, mtu anayependa kusifiwa kuliko chakula, mtu aliyeharibu kila kitu kwa ajili ya moto wa rangi tatu, alipiga goti mbele ya kile kiti.

"Nilikuona, baba," akasema. "Niliona umesimama. Asante."

"Namba ilionekana vizuri sana," baba akasema. Kisha akageuza uso upande niliokuwa, akakosea kidogo, akaongea na mlango. "Aliyeiandika anajua kazi."

Miaka yote nilikuwa nataka kusikia hayo. Nikasema asante baba, nikatoka nje.

Baadaye nilimkuta kaka nyuma ya nyumba, ameinama, ana kitambaa na ndoo, anaosha mlango wa gari. Nilichukua kitambaa cha pili, nikaanza upande wa nyuma, kwa nguruwe. Kutoka uani tulisikia shangazi anauliza mbona picha ya watoto wake haionekani.

"Ile tatu uliandika wewe?" kaka akauliza.

"Mimi."

"Na ule weupe ni wangu."

"Ni wako. Nisamehe."

Akakamua kitambaa. Akakirudisha mlangoni, akafuta mahali pale pale alipokuwa ameshafuta.

"Alisimama kabisa," akauliza, "au aliinuka tu kidogo?"

"Alisimama kabisa. Akasema, huyo ni mwanangu."

"Akasema hivyo?"

"Akasema, dereva. Kwa sauti kubwa, kila mtu alisikia."

"Na kofia?"

"Alivua."

Kaka akatikisa kichwa taratibu, akachovya kitambaa kwenye ndoo, akaendelea kuosha.